Linki za Profesa Danyluk

Kama palikuwa na mtu Harlow Creek aliyekuwa na jibu la kila kitu, na jibu lenyewe likawa la mtu mwingine, basi ni Profesa Orest Danyluk. Alifundisha mawasiliano katika chuo kidogo cha mji ule tangu kabla wanafunzi wake hawajazaliwa, lakini sifa yake haikutokana na kitabu wala hotuba. Ilitokana na ukurasa. Kwenye tovuti ya chuo, chini ya picha yake ya enzi alipokuwa bado na nywele, palikuwa na ukurasa uitwao "Ninavyovipenda Mtandaoni," na kila Ijumaa aliupalilia kama wenzake walivyopalilia bustani.

Upande wa kazi aliweka programu ya kupanga marejeo, nyingine ya kugeuza sauti kuwa maandishi, hazina ya matangazo ya redio ya zamani, na tovuti inayoonyesha nyuso za watu wakizungumza kwa mwendo wa pole kabisa, ili ujue mtu anapouma midomo ana maana gani. Upande wa starehe kulikuwa na kamera inayotazama kiota cha bundi mchana na usiku (ndiyo, bundi, watu wa kule humtazama kwa mapenzi), jukwaa ambako watu wazima hugombana juu ya chachu ya mkate mweusi, na rada ya theluji. Kipenzi cha roho yake kilikuwa tovuti ya kukokotoa mwendo wa jiwe barafuni, kwa ajili ya ule mchezo wa kule wa kutelezesha mawe mazito ya mviringo kuelekea duara lililochorwa kwenye barafu. Unaandika ubaridi wa ukumbi na nguvu ya mkono wako, nayo inakuambia jiwe litateleza mpaka wapi. Mkono wake haukuwahi kukubaliana na tovuti hiyo hata siku moja, na kila walipotofautiana yeye aliulaumu mkono.

Alijijua, msidhani hakujijua. Kila alipotambulishwa mbele ya watu kuwa bingwa wa sanaa ya kusikiliza, moyoni alikuwa akijizomea. Bingwa, eti! Bingwa wa kuwaelekeza watu kwa mabingwa. Ukimwambia Orest mgongo unakuuma, alikutumia linki. Ukimwambia mbwa wako amekufa, linki. Bev Toews, karani wa idara, siku moja alimlalamikia kwamba dirisha la ofisi yake linapitisha baridi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapokea makala mbili na video ya fundi wa Norwei.

"Profesa," Bev alimwambia, "wewe una mabega. Mimi nilitaka uje ulisukume dirisha lifunge."

"Ungesema."

"Nilisema! Ulikuwa umekaa hapo hapo!"

Hayo yote Orest aliyacheka pamoja na watu. La Larysa ndilo lililomshinda kucheka.

Larysa alikuwa binti yake wa pekee, daktari wa mifugo, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na maneno machache kama marehemu mama yake. Miaka miwili nyuma, usiku mmoja katikati ya baridi, alimtumia baba yake ujumbe akiwa ndani ya gari lake nje ya nyumba yake mwenyewe: "Curtis ameondoka, Baba. Hatarudi." Curtis alikuwa mumewe. Orest aliusoma ujumbe mara mbili. Alimpenda binti yake kupita maelezo, na kwa sababu alimpenda, hakutaka kumwambia neno la ovyo ovyo. Akaketi mbele ya kompyuta, akatafuta. Alitafuta sana. Na alipata vitu vizuri, hilo lazima lisemwe: makala juu ya moyo uliovunjika, nyingine juu ya usingizi wakati wa huzuni, na kikundi cha wanawake kinachokutana katika mji wa Regina. Akamtumia linki zote tatu, na chini yake akaandika: "Ya pili ndiyo nzuri zaidi."

Larysa alijibu, "Asante, Baba." Tangu siku hiyo alikuwa akimweleza hali ya hewa tu. Alipiga simu kila Jumapili, adabu hakuikosa, akasema leo upepo ni mkali, jana barabara ilifungwa kwa theluji. Orest naye alikuwa na rada, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda vizuri mno. Kisha alikata simu akabaki anaitazama, anajiona mjinga.

Sasa Larysa alikuwa amepata kazi Halifax, ukingoni kabisa mwa nchi, na barafu ikiyeyuka angehama. Kwa bahati, jirani aliyecheza katika timu ya Orest alivunjika nyonga, na Larysa akakubali kuziba pengo kwenye mashindano ya mawe ya kufunga msimu. Kwa Orest hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Mtoto akiondoka hivi hivi, basi yeye atakuwa baba wa kusimuliwa upepo wa Halifax mpaka siku atakapozikwa.

Kwa hiyo alijiandaa. Mnajua alivyojiandaa. Alifungua kompyuta akaandika: jinsi ya kuzungumza na binti mtu mzima. Majibu yalimiminika, akachagua ya watu wenye vyeo, akakariri.

Chumbani mwa kubadilishia viatu akamkaribia Larysa, akainamisha kichwa pembeni kidogo kama makala ilivyoagiza. "Larysa, nahisi kwamba unapitia kipindi cha mpito."

Larysa alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliinua macho. "Tovuti gani hiyo, Baba?"

"Tovuti gani vipi?"

"Hiyo uliyoitoa hapo."

"Ya chuo kikuu kimoja. Kinaheshimika."

"Vaa viatu, Baba. Tunaitwa."

Akavaa viatu huku akijitukana kimoyomoyo, na kwa hasira akakosea mguu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri kuliko walivyostahili. Bev alikuwa msaidizi wa nahodha, Larysa na Murray, mzee aliyestaafu posta, walishika fagio za kusugua barafu mbele ya jiwe ili liteleze mbali zaidi, na Orest ndiye nahodha. Wapinzani wao waliongozwa na Thelma Friesen, mwenye duka la dawa, mama mpole asiyewahi kukosa shabaha. Mpaka jiwe la mwisho timu zilikuwa sawa, na jiwe la Thelma lilikuwa limekaa karibu na kitovu cha duara. Jiwe la mwisho lilikuwa la Orest. Akilipitisha mpaka kitovuni, wameshinda.

Alijua kipimo ambacho tovuti ingempa. Aliinama, akaliachia, na papo hapo akajua mkono umebisha tena, jiwe halina nguvu ya kufika. "Fagieni!" akapiga kelele. "Fagia, fagia! Larysa! Usiache!"

Larysa na Murray wakaliinamia jiwe, wakafagia mbele yake kwa nguvu zote, na Bev kule mwisho naye akipiga kelele kama nyumba inaungua. Jiwe likajikongoja, likaingia kwenye duara, likalipita la Thelma, likatulia kitovuni. Watu nyuma ya kioo wakaanza kushangilia. Murray akarusha fagio juu.

Larysa alikuwa amesimama, mkono wake mmoja uko hewani.

"Nimeligusa," alisema.

Katika mchezo ule hakuna refa wa kukupulizia filimbi. Fagio lako likigusa jiwe linalotembea, unasema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona, na mpinzani ana haki ya kuliondoa jiwe hilo. Na hakuna aliyeona.

"Una hakika, binti?" Thelma alimwuliza.

"Hapa ukingoni. Nimelisikia mkononi."

Thelma alilitazama jiwe, akamtazama Larysa, kisha akalisukuma nje ya duara kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemwondoa paka wa mwenyewe kitini. Mchezo ukaishia hapo, ushindi ukawa wa Thelma. Wakapeana mikono.

Larysa akamjia baba yake, fagio kwapani, uso umemwiva kwa baridi na jasho. "Nimekupotezea, Baba," alisema, akasimama hapo mbele yake, akingoja.

Alisema wazi, bila kuzunguka, kama alivyosema ule usiku wa gari. Na alingoja vile vile, Orest akatambua, kama alivyongoja usiku ule, injini ikiunguruma na simu mkononi. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, bila kutumwa. Simu ilikuwa ndani ya koti chumbani. Mfukoni kulikuwa na glovu moja na kitambaa cha kupengea. Zile sentensi za chuo kinachoheshimika zilikuwa zimekwenda zote.

"Pole," alisema.

"Ni jiwe tu, Baba."

"Sisemi jiwe." Orest alitikisa kichwa. "Nasema Curtis. Pole, mwanangu. Pole sana. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, na sikukwambia."

Larysa akauma midomo. Orest, pamoja na nyuso zote alizozitazama zikizungumza polepole kwa miaka mingi, hakuweza kujua kama ni kilio kinakuja au kicheko. Vikaja vyote viwili.

"Miaka miwili!" Larysa alisema, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Baba, miaka miwili ulikuwa unalitafuta hilo?"

"Nimetafuta kila mahali," Orest akajibu. "Halimo."

Kwa desturi yao, washindi huwanunulia walioshindwa kinywaji, na timu zote mbili hukaa meza moja, utake usitake. Thelma akaagiza. Sahani ya perogi, zile sambusa zao za kuchemsha zenye viazi na vitunguu ndani, ikafika, ikitoa moshi. Larysa alizunguka meza nzima akaja kukaa karibu na baba yake, akavuta kiti mpaka viwiko vikagusana.

"Unajua Curtis alimchukua na mbwa?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Sikuwahi kukwambia. Mbwa wangu mimi, Baba. Niliyemzalisha mama yake kwa mikono hii."

Orest alimgeukia. Hapo hapo akakumbuka makala moja nzuri mno, ya mwanasheria wa Toronto, juu ya wanandoa wanaoachana na wanyama wao. Aliikumbuka mpaka jina lake, na koti lake lilikuwa nyuma ya kiti, simu ikiwa ndani. Akatwaa perogi nzima, akaijaza mdomoni ingali inaunguza, akaendelea kumsikiliza mwanawe.