Maji Juu ya Saruji

Juzi mjini Moshi nilimwona fundi akimwagia maji sakafu mpya ya saruji, na nikakaribia kupiga kelele kama zamani.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Machame, baba alikuwa amehangaika sana kuipata saruji, maana siku zile ilikuwa adimu. Sakafu ilipomalizika, mama aliitandazia majani makavu ya migomba, kisha akaanza kuimwagia maji ya mfereji, ndoo baada ya ndoo. Nyumba nzima ilinuka vumbi lililonyeshewa. Mimi niliijua sakafu ya bibi tu, ya udongo na samadi, ambayo ikilowa inageuka tope. Sikujua kwamba saruji hukomazwa na maji.

"Mama, unaiharibu!"

"Hebu nipishe, Ndeshi."

Nilizunguka nyumba, nikachungulia, nikazunguka tena. Mwishowe nikakimbilia shambani kwenye kahawa.

"Baba, mama anamwaga maji ndani!"

Baba aliacha kazi, akaja nyumbani, akampokonya mama ndoo. Nikafumba macho, nikingoja ugomvi.

"Umechoka, mama Ndeshi. Kaa kidogo."

Kisha nikasikia maji yakimwagika tena.