Maji ya Mvua ya Mama

Mdogo wangu alipokufa, kitu chake cha kwanza kuturudia kilikuwa pikipiki, nayo ilitufikia imezama.

Msimu ule alikuwa ameivusha hadi kisiwa cha Bwejuu kubebea samaki, maana ilikuwa ile ya matairi ya meno, isiyoogopa mchanga wala matope. Huko akaugua. Wenzake wakamkimbiza bara, akafia hospitalini, na kwa kuwa maiti hacheleweshwi, akazikwa huko huko kabla Mama hajapata boti ya kuvuka. Mama hakuuona uso wa mwanawe wala kaburi lake. Ndiyo maana, siku wenzake walipoileta pikipiki, aling'ang'ania kwenda mwenyewe pwani Kilindoni kuipokea.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikatia nanga mbali. Vijana wanne wakaiweka pikipiki juu ya miti miwili, wakaibeba mabegani, wakawa wanakuja nayo polepole, maji yakiwafika kiunoni. Nilimtazama Mama, nikajua anaona nini. Nilitamani kumziba macho. Kisha mmoja akakanyaga shimo, akayumba, na pikipiki ikazama yote mpaka usukani. Mama akapiga ukelele ambao hakuupiga hata siku tulipoletewa habari za msiba.

Walipoiopoa, kijana mmoja akaipanda, akataka kuiwasha aone kama bado nzima. Mimi hasira zangu ziko puani siku zote. Nilimfokea mpaka akashuka. Mdogo wangu alishatuchosha kwa kujitia ufundi kwake: injini iliyokunywa maji usiilazimishe, utaivunja. Tukaisukuma hadi nyumbani, Miburani. Tuliiegesha uani, si sebuleni alikozoea kuilaza yeye, akiukanyaga mkeka wa Mama kwa matairi yake na kugombezwa kila jioni. Nikamwita rafiki wa marehemu, fundi, mtu wa bara.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Hii nayo isinifie."

Fundi hakumwahidi kitu. Alisema kwanza chumvi itoke. Nikachota ndoo kisimani, akaonja, akatema.

"Dada, haya nayo yana chumvi. Tutakuwa tunaosha bahari kwa bahari."

Kisima chetu ndivyo kilivyo, sisi tumeshazoea. Mama akaingia ndani, akatoka na maji ya mvua, yale anayoyakinga kwenye pipa kwa ajili ya chai, ambayo hata mimi nikiyagusa nahojiwa. Hakumpa mtu. Aliyamimina mwenyewe, kata kwa kata, akisugua kwa kiganja, akianza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Hapo nikaelewa anamwosha nani. Fundi naye nadhani alielewa, ingawa si Mwislamu, kwa sababu aliweka spana chini akasubiri. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Mama alipomaliza, fundi akafungua plagi, akapiga kiki taratibu, na maji yakaruka kutoka kwenye injini. Oili ilitoka nyeupe kama uji. Akaibadilisha, akaizungusha injini, akaimwaga tena na kutia nyingine. Kabureta akaifungua yote, akamwaga petroli ya zamani, kisha akatuambia tuiache ikauke vizuri. Siku zote hizo Mama aliifunika kwa khanga jioni ilipoingia umande. Mimi nilimwona anajitesa bure, lakini kwa mara moja maishani mwangu nikafunga mdomo.

Alasiri moja fundi aliporudi, akaifunga na kutia petroli mpya, Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Kiki ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Ya tatu ikawaka, ikanguruma vilevile kama zamani, na mimi nikapiga makofi kwa furaha.

Ndipo sauti ya Mama ikatoka jikoni, ile yake ya ugomvi ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"Kunja mkeka kwanza, we mtoto! Nikwambie mara ngapi?"

Fundi akanitazama. Mama akatokea mlangoni, mikono imejaa nazi iliyokunwa. Akatuangalia sisi wawili, kisha akaiangalia pikipiki ikinguruma bila mtu juu yake.

"Zima, baba," akamwambia fundi.

Fundi akazima. Mama akaenda sebuleni, akaukunja mkeka mwenyewe, akausimamisha pembeni ya ukuta. Tukaiingiza pikipiki ndani kwa kuisukuma.