Noti ya Mjerumani na Paa la Bibi

Harufu ya tumbaku ikinipitia puani, hata hapa Nsemulwa ninakoishi sasa, nainuka kutazama wingu. Watoto wangu hunicheka. Hawajui habari za kopo la bibi.

Bibi, mama yake baba, alikaa nyumba ya nyasi nyuma ya yetu, kule Kasekese. Katika kopo lake, chini ya majani ya tumbaku, alihifadhi noti ya Mjerumani, karatasi iliyofifia yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Baba yake alilipwa noti hiyo kwa kubeba mizigo ya askari wakati wa vita. Aliporudi, Mjerumani alikuwa amekwishakimbia, Mwingereza ameleta hela yake, na hakuna duka lililoipokea ile karatasi.

Nilipokuwa darasa la nne, kijiji kilishikwa na homa ya rupia. Watu walichimba hadi chini ya vitanda vyao wakitafuta sarafu za Mjerumani, maana ilisemekana sarafu ya kweli huvuta punje za mchele, na madalali wa mjini wanainunua kwa bei ya nyumba. Baba alikosa usingizi. Kama sarafu inanunua nyumba, noti je? Akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia dalali mmoja, naye akaahidi kuja.

Basi baba yangu, mtu asiyejua kusubiri, akapanda nyumba ya bibi na kuezua nyasi zote, ili bati atakazonunua kwa fedha za noti zikute mbao tayari. Mvua zilikuwa zimekaribia. Bibi alikaa kwenye kigoda kati ya vyungu vyake, akimtazama tu. Mimi nilishinda nikikimbia njia panda na kurudi, kutazama kama dalali anakuja.

Dalali alifika na pikipiki. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hata salamu hazijaisha, akamwuliza, "Nyie ndio mmekuja kulipa?"

"Ngoja tuone kwanza, bibi," alisema dalali, akanyunyiza mchele juu ya noti. Hakuna punje iliyosogea. "Hii karatasi tu, mzee," akamwambia baba. "Sisi tunataka sarafu."

"Baba yangu alibeba mzigo mpaka Tabora," bibi akasema. "Sasa nani analipa?"

Dalali alimkwepa macho, akawasha pikipiki. Mimi nilicheka kwa aibu. Nilidhani uzee umemchanganya.

Mvua ilishuka jioni ile ile. Tulihamisha magunia na godoro tukiwa tumelowa, na baba akalia mbele yetu, jambo nisilowahi kuliona. Nyasi za kuezekea hazikatwi masika, kwa hiyo bibi alilala kitandani kwangu mpaka kiangazi, kopo likiwa chini ya mto, nami nikinusa tumbaku na kusikiliza maji yakibomoa kuta zake.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba akili ya bibi ilikuwa timamu siku ile. Alikuwa amesubiri maisha yake yote atokee mtu wa kuulizwa swali lile, na alipotokea, akamvalia kitenge kizuri. Kuitupa noti kungekuwa kukubali kwamba baba yake alibeba bure.

Kopo liko kwangu sasa. Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini natunza karatasi isiyonunua hata kiberiti. Nikamjibu kwamba bado hatujalipwa.