Mashina Niliyoyaruka

Enzi zetu kule Kimulot, mtu hakuhitaji kengele wala simu ili aamke. Baridi ya msituni ilipenya kwenye nyufa za ukuta wa udongo kuanzia saa kumi alfajiri, na baridi ikishindwa kazi, Baba alikuwepo. Aligonga ukuta wa chumba chetu mara mbili kwa kifundo cha kidole. Hakuna aliyewahi kungoja agonge mara ya tatu, kwa hiyo mpaka leo sijui ingekuwaje.

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu hapa Bomet alinionyesha video ya mtu anayefundisha siri za mafanikio. Amka saa kumi na moja, anasema. Tandika kitanda. Kunywa maji. Andika malengo matatu ya siku. Kijana ameitazama mara nne, na siku hiyo hiyo aliingia kazini saa nne kasorobo. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Sisi kitanda kimoja kililaliwa na watoto watatu chini ya blanketi moja, na aliyeamka wa mwisho ndiye aliyetandika. Malengo ya siku Baba alikuwa ameshayapanga tangu jana, na hayakuwa matatu.

Tulikamua ng'ombe kabla hatujanawa uso. Tulikunywa uji, na Jumapili maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu, yenye ule unga wa mkaa ulioacha mstari wa kijivu juu ya mdomo. Chai tuliipanda wenyewe, tukaichuma wenyewe, lakini ile nzuri ilikwenda mbali, sisi tukanywa vumbi lake na hatukulalamika. Kisha mbio hadi shuleni, miguu mitupu, umande ukikata nyayo, kila mtoto na kuni moja mkononi kwa ajili ya jiko la walimu. Mstarini tulikaguliwa kucha, kola na masikio. Asubuhi ya Julai vidole vilikufa ganzi hata kalamu ukaishika kwa ngumi, na bado mwalimu alitaka mwandiko uliosimama wima.

Lakini shule yetu ya kwanza ilikuwa shamba la chai. Kila Jumamosi, na kila siku ya likizo, Baba alitugawia mistari. Huu wako, huu wa dada yako. Unachuma majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu ni gumu, liache. Na juu ya mashina lazima pabaki sawa, na hapo ndipo tulipopaita meza. Baba alikuwa na ufito mrefu wa mwanzi. Aliulaza juu ya mashina, akainama, akafumba jicho moja kama seremala, na chochote kilichochomoza juu ya ufito kilikuwa kosa la mwenye mstari.

Alikuwa na misemo yake. "Usiruke shina," alisema, "shina likirukwa leo, mzunguko ujao utalikuta limekuwa msitu." Na mwingine: "Jani bovu moja linaaibisha kikapu kizima." Huo tuliuona ukitimia kwenye kituo cha kununulia majani, pale karani alipomwaga mezani majani ya kila mkulima na kuyapekua mbele ya watu. Majani mabaya yalirudishwa. Siku moja jirani yetu alirudishiwa kikapu kizima, naye akarudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili asikutane na mtu. Majani ya Baba hayakuwahi kurudishwa. Karani aliyagusa kwa heshima tu, na Baba alisimama kando, mikono nyuma, akitazama milima kana kwamba hayo si yake.

Dada yangu Chelangat alikuwa mbele yangu darasa moja. Alikuwa mtoto wa kushikilia kitu. Ukimpa sufuria asugue, aliisugua mpaka chini, hata pale penye masizi ambapo hakuna mgeni angepaona. Mimi nilikuwa mwepesi wa maneno na mwepesi wa miguu, na nilikuwa na siri moja ambayo ni yeye tu aliyeijua.

Nilikuwa naruka. Mashina ya mwanzo wa mstari niliyachuma vizuri sana, na ya mwisho vilevile, kwa sababu huko ndiko Baba alikosimama na ufito wake. Katikati, pale mteremko unapoingia bondeni, nilipita nikivunja jani hapa na pale, nikatua kikapu na kwenda kuteleza kwa gome la mgomba na watoto wa jirani. Mara ya kwanza Chelangat aliponikuta nikijiandaa kutoroka, nilidhani atanishtaki. Alitazama mashina niliyoyaacha, akatazama juu alikokuwa Baba.

"Kibet, utapigwa," alisema.

"Baba hafiki huku."

"Leo atafika." Akaingia kwenye mstari wangu. "Enda tu. Nitamaliza."

Basi ikawa desturi. Mwaka baada ya mwaka nilicheza, na Chelangat akachuma mistari miwili. Alichonichumia alikitia kwenye kikapu changu. Baba alipokuja kupima, mstari wangu ulikuwa meza kweli kweli, na mimi nimeketi kando nimemaliza zamani. Wake ulikuwa bado. "Kibet ana mkono," Baba aliwaambia watu. "Huyu msichana ni mzito. Mikono yake imelala." Chelangat aliinamisha kichwa na kuendelea kuchuma. Hakusema neno, nami sikusema neno, na jioni tulikula ugali kwenye sinia moja kama kawaida. Sikuona kama ni dhambi. Niliona kama ni werevu, na yeye ni dada.

Shuleni alikuwa wa kwanza tangu darasa la nne. Mwalimu Nyakundi, mtu wa kutoka Kisii aliyetufundisha hesabu, alikuja nyumbani siku moja akamwambia Baba kwamba huyu msichana atakwenda shule kubwa ya wasichana ya kule Kericho, ile yenye sare nadhifu na umeme mpaka bwenini. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kujigamba, alijigamba. Alisema kituoni, mbele ya karani na wakulima wote: mwaka ujao mtoto wangu atakuwa Kericho. Kumbe alikuwa amemweka Chelangat mezani pa karani kabla ya wakati wake.

Mtihani wa darasa la nane ulikuja Novemba. Siku ya karatasi ya hesabu nilimngoja Chelangat kwenye daraja la mbao, kwa kuwa sisi wa darasa la saba tulikuwa tumefungiwa nje ya shule. Alikuja akitembea polepole, rula na penseli mkononi. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Kuna swali lilinikataa," alisema. "La kumi na saba."

"Na mengine?"

Alipiga hatua kadhaa. "Wakati ulikwisha. Mengi ya mwisho sikuyafikia."

Nilishangaa. Hata mimi mvivu nilijua hilo. "Si ungeruka, uendelee na mengine?"

Alisimama akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka jibu.

"Ningemwachia nani?"

Nina zaidi ya miaka arobaini sasa. Nimezika wazazi wote wawili, nimekaa katika vikao vingi na kusikia maneno makali, lakini hakuna neno lililonikaa rohoni kama hilo. Na siku ile sikulielewa. Niliokota kijiwe nikakirusha mtoni.

Matokeo yalipotoka, masomo mengine yote alikuwa ameyafanya vizuri sana, lakini hesabu ilimwangusha. Kericho hawakumwita. Aliitwa na shule ya kutwa ya hapo karibu, madarasa matatu ya mbao, maabara hakuna, walimu wawili. Mama alifurahi. Alianza hata kutafuta kitambaa cha sare.

Baba alisoma ile barua amesimama, akaikunja mara nne. "Hii si shule," alisema. "Sikulea mtoto wa kupeleka mahali pa namna hii. Kama si pazuri, asiende."

Mwalimu Nyakundi alikuja na viatu vyake vya Jumapili. "Mzee, mruhusu huyu mtoto arudie darasa la nane. Mwaka mmoja tu. Kule Kericho ataenda, mimi nakuambia."

"Mwalimu, mstari uliochumwa haurudiwi."

"Mzee, huyu ni mtu, si majani."

 Baba alitazama milima, mikono nyuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijua jambo ambalo lingeweza kugeuza maneno yote yale. Ningesema: Baba, Chelangat si mzito, ni mimi ninayeruka. Ningesema: ulichomfundisha amekifanya, tena mara mbili, na ndicho kilichomshinda. Ulimi ulikuwepo kinywani, mzima. Niliogopa ufito. Chelangat alikuwa jikoni akiosha vyombo, nikasikia sufuria ikisuguliwa, ikisuguliwa, hata mgeni alipokwisha kuaga.

Aliifua sare yake ya msingi, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda. Jumatatu iliyofuata alikwenda shambani wakati sisi tunakwenda shule, na akapewa mistari yote miwili kwa haki sasa, kwa kuwa mimi nilikuwa mtahiniwa na nilihitaji muda wa kusoma.

Mwaka uliofuata nilikaa kwenye dawati la mtihani na swali gumu likanijia. Sikumbuki hata lilihusu nini. Nililiruka bila kufikiri, mkono ulikuwa umezoea. Niliruka hilo na mengine manne, nikamaliza karatasi, nikarudi kuyabahatisha huku msimamizi akitwambia tuweke penseli chini. Niliitwa shule kubwa. Baba alichinja kondoo. Chelangat alinipigia pasi shati kwa pasi ya makaa, akarudia kola mara tatu mpaka ikasimama. Baada ya miaka miwili aliolewa Merigi, nami nilikuwa bwenini, sikuja.

Baba alikufa akiniamini. Hata kwenye kitanda chake cha mwisho aliwaambia waliomtembelea kwamba hakuna mtoto wake aliyejua kazi kama Kibet. Mazishini wasemaji walirudia hayo kwa kipaza sauti. Chelangat alikuwa chini ya turubai na wanawake wengine, na niliona anaitikia kwa kichwa.

Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia kule Merigi. Miaka mingi alichuma chai kwenye mashamba ya watu mpaka mashine za kuchuma zilipokuja, na sasa ana nyanya mbele ya nyumba na ng'ombe mmoja. Vidole vyake vimepinda kwenye viungo. Binti yake Cherono anaingia kidato cha nne, na alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu, akitazama kitu kisha akikirusha kwa kidole gumba, kingine, kingine. Siku hizi watoto hawawezi kungoja hata tangazo la sekunde tano. Nilimtania kwamba kidole chake kitaota misuli. Alicheka bila kuinua macho.

"Weka hiyo simu chini," Chelangat alimwambia. "Muulize mjomba akuambie vile watu husoma. Yeye ndiye alikuwa na mkono kwetu. Mimi nilikuwa mzito, Mungu wangu! Yeye amemaliza mstari ameketi, mimi bado niko bondeni."

Alisema hivyo akicheka, machozi ya kicheko yakimtoka. Nilimtazama vizuri nione kama kuna mwiba ndani yake. Haukuwepo. Alikuwa ameshayaamini. Miaka imepita na Baba amerudia, na watu wamerudia, mpaka yeye mwenyewe amesahau alikuwa bondeni akifanya nini.

Cherono alinielekezea simu anirekodi. "Sema, Uncle. Siri ni nini?"

Nami nikasema. Niliongea kama robo saa: kuamka mapema, kumaliza unachokianza, kutodharau kazi ndogo. Yalikuwa maneno mazuri, yote ya Baba. Chelangat alisikiliza ameweka mikono mapajani, kisha akamwambia binti yake aicheze tena asikie vizuri.

Wenzangu wa rika langu, tunapenda kusema kwamba vijana wa leo hawana bidii, wanaruka kila kitu. Ni kweli wanaruka. Lakini wakiruka, kinaonekana kimerukwa, na lawama ni yao. Enzi zetu kila kitu kilikamilika, meza ilikuwa sawa kutoka juu mpaka mtoni, na sisi tunaisifu mpaka leo kwenye harusi na kwenye matanga, bila kuuliza ni nani alipita nyuma yetu akimalizia. Najua jina lake, na nilikuwa naye siku mbili nzima Desemba, tukinywa chai. Nimeandika haya hapa gazetini kwa sababu Chelangat hasomi magazeti.