Nilipika Mbuzi wa Maslaha ya Mdogo Wangu

Admin nifichie jina, Garissa ni ndogo. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 27, niliachika nikarudi kwetu Iftin. Nauza chai na anjera asubuhi.

Nina mdogo wangu wa miaka 19. Alizaliwa mvulana, lakini tangu utotoni anajijua ni msichana. Namwita Hodan, jina alilojichagulia. Nyumbani hakuna mwingine anayelitamka. Mwezi uliopita vijana wa mtaa wetu walimkuta jioni amevaa buibui langu. Wakamvua barabarani, wakampiga kwa mawe na fimbo za ng'ombe, wengine wanarekodi. Mkono ulivunjika, taya pia. Mmoja wao hunywa chai kwangu. Kesho yake alikuja kama kawaida, nikammiminia, nikamwekea na sukari.

Nikamwambia aabo, baba yetu, twende polisi. Akasema, "Hii ni kesi ya wazee. Unataka Garissa yote itucheke?" Basi wazee wakakaa maslaha, yale ya kupatanisha familia bila polisi wala mahakama, wa huku mnayajua. Aliyepigwa hakuitwa. Familia za wale vijana zikaleta mbuzi, ikasemwa yameisha, ila Hodan asionekane mtaani mpaka anyooke.

Yule mbuzi nilimpika mimi. Wali, pilipili, ndizi pembeni. Wakala, wakaomba dua. Hodan alikuwa chumba cha pili, taya limefungwa, anakunywa uji kwa mrija. Akaniuliza kwa meno yaliyobanwa, "Abaayo, dada yangu, kuna sherehe gani?" Nikamwambia ni wageni wa aabo. Sikulia. Mpaka leo silii, wallahi, najishangaa mwenyewe.

Alipopata nafuu akatorokea Habaswein kwa rafiki yake. Sasa aabo amepata mahali ng'ambo ya mpaka wa Diff, wanapopeleka vijana "kurudishwa kwenye mila." Mtoto wa jirani alipelekwa huko. Alirudi na alama za minyororo miguuni, na hadi leo haongei na mtu. Gari limeshapatikana, linaondoka Ijumaa baada ya swala.

Aabo ananiambia, "Huyo anakusikia wewe tu. Mpigie, sema hooyo anaumwa." Hooyo, mama yetu, alikuwa ameketi papo hapo, mzima wa afya, anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

Nisipopiga, aabo amesema nitoke na wanangu, na sina pa kwenda. Mnaotaka kuandika ni laana, piteni tu, hayo nimeshayasikia yote.

Jana Hodan alinitumia sauti. Taya bado halijakaa sawa, maneno yanatoka taratibu. Anasema, "Abaayo, najua nyumbani hawanitaki. Lakini hooyo akiumwa usinifiche. Nitakuja hata kwa miguu."

Simu ninayo mkononi, aabo yuko mlangoni anasubiri. Ndugu zangu, niambieni, nifanyeje?