Mawese Ndani ya Kabureta

Petroli na mawese havikupaswa kukutana kabisa, lakini nyumbani kwetu kijijini Wamaza vilikutana, na harufu ya vyote viwili pamoja naikumbuka hadi leo. Si harufu mbaya, ukitaka kujua. Petroli inapanda puani kwa ukali, halafu nyuma yake inafuata ile harufu nzito, tamu kidogo, ya mafuta mekundu yaliyokaa siku nyingi chupani. Wajukuu wangu hunicheka wakiniona sokoni nikinusa kila chupa kabla ya kununua. Waache wacheke. Wao hawakuwapo uani kwetu msimu ule wa mvua, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, mama yangu akigugumia kwa uchungu kwenye mkeka na motokari ya baba ikikataa kunguruma.

Baba alikuwa mtu wa Kasongo mjini, mtoto wa Kiislamu wa ukoo wa wachuuzi. Alikuja Wamaza kutafuta riziki, akafungua duka la chumvi, sabuni, vitambaa na samaki wakavu wa Lualaba, akamwoa mama, binti wa Kibangubangu wa palepale. Fahari yake kubwa ilikuwa kamyoneti kuukuu, gari dogo la mizigo, aliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa anahama. Betri yake ilikufa zamani. Iliwashwa kwa manivela, chuma kilichopinda ambacho baba alikiingiza mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Ikishawaka, alivaa kofia yake na kuwapungia mkono hata watu waliokuwa mbali shambani wamempa mgongo. Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alikuwa akisema mwanawe ameoa wake wawili, na huyu wa pili anakunywa petroli. Baba alikasirika, mama alicheka mpaka machozi.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, na mimba ile ilikuwa hofu ya nyumba nzima. Mimi nilipita kwa sababu nilizaliwa mdogo mno; mtoto aliyenifuata alifia tumboni, na mama mwenyewe alirudi duniani kwa kudra ya Mungu tu. Hospitalini Kasongo mkunga alimwambia baba waziwazi, mimi nikisikia: huyu hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, nyonga zake haziruhusu, mlete mapema apasuliwe, ukimwacha azalie kijijini utamzika. Baba aliitikia, na kwa kweli alikusudia. Lakini mpunga ulikuwa shambani, mama akasema tungoje kidogo, kisha motokari ikaanza kuumwa, na tukajikuta tumekwama na tumbo limeshashuka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ukikanyaga akselereta, injini ililia kwa nguvu. Ukiondoa mguu, ilikohoa, ikatetemeka, ikazimika. Ule mlio wa taratibu ambao motokari hutoa ikiwa imesimama mahali, mafundi wetu waliuita ralanti, na ralanti ya baba ilikuwa imepotea. Asubuhi ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Saa sita, jua likiwa kali, ilirudi kidogo, kisha kesho yake ikapotea tena. Baba alishinda ameinama juu ya injini na bisibisi, akikaza parafujo ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akiilegeza, akiikaza tena, huku mimi nimechuchumaa chini ya usukani nikibonyeza akselereta kwa mikono miwili kwa sababu miguu yangu haikufika. “Bonyeza! Achia! Nimesema achia, Mwajuma!” Nilijua hasira yake si juu yangu. Aliogopa, na mtu akiogopa sauti yake inapanda bila kumwomba ruhusa.

Usiulize kwa nini asingeenda vivyo hivyo huku amekanyaga. Njia ya Kasongo ilikuwa na madaraja ya magogo, na kila daraja lilitaka usimame, mtu ashuke akatazame magogo, kisha upite polepole. Ilikuwa na vilima vya udongo ambapo motokari ikizimika na kurudi nyuma hakuna manivela itakayoiokoa. Na ilikuwa na barieri ya mvua. Hii ilikuwa amri ya Wazungu: mvua ikianza kunyesha, gogo linashushwa barabarani, hakuna gari linalopita mpaka njia ikauke, iwe leo, iwe keshokutwa. Hawakutaka magurudumu yachimbe barabara ambayo watu wetu waliitengeneza kwa majembe, tena kwa kulazimishwa.

Uchungu ulimshika mama asubuhi moja, kabla ya siku zake. Nilimwona ameshika nguzo ya baraza, amefumba macho, anazungumza Kibangubangu peke yake, lugha ambayo nyumbani mwa baba aliitumia mara chache. Bibi alitoka akarudi na wanaume wa jirani na kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani ambacho Wazungu walizoea kubebewa, akawapanga mlangoni. Ndipo ukaanza ugomvi ambao sijausahau. Bibi alitaka waondoke saa ileile. Baba alisema kwa miguu watalala njiani, na mama hatafika. Bibi alisema kwa motokari hii hatafika hata kwenye daraja la kwanza. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililotisha. “Nipe mpaka jua lisimame kichwani,” baba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Ikikataa, mubebeni.”

Alifungua kabureta yote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaipanga vipande vipande juu ya sinia yetu ya pilau. Mimi nilikaa mbele yake nikikariri mpangilio: hiki kilitoka wapi, hiki kilikaa juu ya kipi. Wabebaji walikaa kwenye kivuli wakituangalia. Kila mama alipogugumia, mikono ya baba ilisimama, kisha ikaendelea. Alipuliza kila tundu, akafuta kila kitu kwa kitambaa, akatazama juani, na hakuona ubaya wowote. Upande wa kijiji cha Lusangi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mama ndiye aliyemwita. Mkeka wake ulikuwa hatua chache tu, na upepo ulimpelekea harufu. “Baba Mwajuma, leta hicho kitu hapa.”

“Lala, mama. Pumzika.”

“Leta, nimesema!”

Akampelekea. Mama aliingiza kidole kwenye koo la kabureta, pale hewa inapopita, akakitoa kimepakwa uchafu wa kahawia, akausugua kwa gumba, akaunusa. Aliuza mawese sokoni tangu alipokuwa binti. Hakuna aliyeweza kumdanganya juu ya mawese. “Hii iko mawese,” akasema. Uchungu ukamshika tena, tukangoja wote, na ulipomwachia akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea: “Petroli umeiweka mu nini?”

Loo! Nilimwona baba akigeuza shingo polepole kumtazama Bibi. Pipa la petroli lilikuwa limeoza kwa kutu, kwa hiyo petroli ya msimu ule ilihamishiwa kwenye damijani, zile chupa kubwa za kioo zilizovishwa kikapu, ambazo kila nyumba ya kwetu ilikuwa nazo kwa ajili ya mafuta. Bibi alizisafisha mwenyewe. “Niliziosha!” akapiga kelele. “Kwa majivu na maji ya moto! Mikono yangu hii!” Na ni kweli aliziosha, nilimwona. Kwa kuweka mawese mengine zilikuwa safi kabisa. Ila petroli inayeyusha kile ambacho majivu yanakiacha kwenye pembe za chupa, na nani kati yetu alikuwa na habari hiyo? “Mawese si yanaganda asubuhi?” mama alisema. “Ndiyo maana saa sita inapona.” Baba aliketi chini mchangani akajishika kichwa. Halafu akainuka haraka sana.

Sikuwahi kuona watu wazima wakifanya kazi vile. Maji ya moto yaliyokuwa yameandaliwa kwa ajili ya mama yalimwagwa juu ya sinia. Mafuta ya taa yalitoka dukani. Bibi, kwa hasira ya kuumbuliwa, alimkamata jogoo akamnyofoa manyoya ya mkia akiwa hai, akampa baba, naye akayazungusha ndani ya koo la kabureta mpaka shaba ikang’aa. Kulikuwa na kipande kimoja kidogo chenye tundu ambalo hata sindano isingepita, na baba alikataa waya, alisema waya utalipanua. Alinipa mimi nilipulize. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, nikasikia kitu kinaachia, na ladha ikanijaa mdomoni, mafuta ya taa na mawese, nikatapika pembeni na kurudi mahali pangu. Hakuna aliyenipa pole. Nilifurahi kwamba hakuna aliyenipa pole, maana ilimaanisha kazi yangu ni kazi kama zao.

Tulivirudisha vipande kwa mpangilio niliokariri, na ilipowaka, baba alilegeza parafujo kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha upande, na mlio ukashuka, ukatulia, ukawa wa taratibu, bila kukohoa. “Acha hapohapo,” mama akasema kutoka mkekani. Baba akaacha. Kisha akatueleza, akitutazama mmoja mmoja, kwamba petroli tuliyo nayo ni ileile ya damijani, hatuna nyingine. Injini ikiwa moto na petroli ikitembea, tutakwenda. Ikizimika na kukaa, petroli itaruka hewani, mawese yatabaki na kuziba tundu lile, na hatutakuwa na sinia wala jogoo njiani. “Hatuzimi mpaka Kasongo,” alisema. Tulimlaza mama nyuma chini ya turubai, Bibi akamshikilia, mimi nikapanda mbele.

Madaraja tulipita, sijui tulipitaje. Nakumbuka tu kwamba kila tuliposimama nilishika pumzi nikisikiliza, na baba pia. Mbele, mawingu yalikuwa meusi. Matone ya kwanza yalipiga kioo tukiwa tunaikaribia barieri, na tulipofika gogo lilikuwa limeshashuka. Mlinzi wake alikuwa kijana mmoja aitwaye Sumaili, Mubangubangu, mtu wa sheria, aliyeipenda kofia yake ya kazi kuliko chakula. Alisimama mbele ya gogo na mkono juu.

“Zima motari kwanza, ndiyo tuzungumze.”

“Siizimi,” baba akasema. “Sumaili, ndugu yangu, muke yangu iko nyuma, anakufa.”

“Mvua ikishika nisiinue. Mimi nitafungwa. Zima.”

Baba alishuka kwenda kumsihi, akaniacha na injini. Alinikataza nisiguse kitu, kwa hiyo nilibana mikono katikati ya magoti na kusikiliza. Mlio ulikwenda vizuri. Kisha ukajikwaa. Ukashuka, ukashuka zaidi, usukani wote ukatetemeka, nikasema kimoyomoyo ya Rabi, ya Rabi, na ukashika tena. Ndipo mama alipolia nyuma ya turubai. Hakutuita sisi. Alimwita mama yake kwa Kibangubangu, kama mtoto anayeogopa giza. Sumaili aligeuka akalitazama turubai. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ukingo wa ile kofia yake na kumwingia shingoni. Alimtazama baba, akaenda kwenye gogo, akaliinua.

“Mvua haiyanyesha,” akasema. “Pita.”

Mama alipasuliwa jioni ileile. Alizaa mtoto wa kiume, naye mwenyewe akapona. Injini baba aliizima mbele ya mlango wa hospitali, na kesho yake haikuwaka. Hakuna aliyejali. Lakini magurudumu yetu yalikuwa yamechimba mifereji katika udongo mbichi, na mkubwa wa barabara alipopita aliiona. Sumaili alipoulizwa alishikilia neno lake, kwamba wakati huo mvua ilikuwa bado. Wakamfunga, na alipotoka hakurudishiwa kofia. Akawa mkulima karibu na nyumbani kwao. Mama hakuwahi kumwambia asante, nadhani neno lilikuwa dogo mno kwake. Ila kila alipokamua mawese, chupa ya kwanza nilipelekwa nayo kwa Sumaili, msimu kwa msimu, mpaka mmoja wao alipokufa. Naye kila mara aliifungua, akainusa, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa: “Mwajuma, hii iko ya kula ao ya motari?”

Leo barieri haipo. Hakuna anayekuzuia kupita ukitaka, mvua au jua, na barabara yenyewe imekuwa mashimo ambayo kamyoneti ya baba isingethubutu kuyapita. Wanawake wenye mimba ngumu wanakwenda Kasongo kwa pikipiki, wamekaa upande, wamemkumbatia dereva. Ndugu yangu aliyezaliwa siku ile ni mzee sasa, analalamika magoti. Majuzi kijana mmoja wa pikipiki alisimama mbele ya mlango wangu kuomba maji ya abiria wake, msichana mwenye tumbo kubwa na midomo mikavu, na wingu lilikuwa limeshatanda. Nikaona mkono wa kijana unakwenda kwenye ufunguo. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, maana majirani walitoka nje kutazama. “Usizime!” nilipiga kelele. Kijana akacheka, akasema, bibi, hii inawaka kwa kidole tu. Nikampa msichana maji kwa mkono wangu, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza, pikipiki ikinguruma kati yetu. Hakuizima. Wakaondoka, nami nikabaki nimesimama mvuani nikisikiliza mpaka mlio ukapotelea upande wa Kasongo.