Mama Pazia na mikoba ya mjomba: Vumbi linafutwa, mshono unabaki

Saa mbili asubuhi, jua likianza kugonga dirisha, pazia jeupe linashushwa. Si kwa kuficha mambo ya ndani. Mwanamke aliyelishusha anataka mwanga uingie kwa adabu, uuguse mkoba wa ngozi uliosimama mezani bila kuuchoma. Anainama, anapiga picha kwa simu, anausogeza mkoba kidogo, anapiga tena.

"Tulia hivyo hivyo, mrembo," anauambia mkoba.

Majirani wanamwita Mama Pazia, naye jina hilo ameliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Kazi yake ni kupiga picha za bidhaa za watu wanaouza mtandaoni: viatu, vyungu, nguo za watoto. Akishapiga, anazisafisha kwa msaada wa akili mnemba. Anazungushia kwa kidole sehemu ndogo ya picha, anaiandikia programu inachotakiwa kufanya hapo, nayo inafanya kufumba na kufumbua.

Programu hiyo ameipa jina. Anaiita Kiherehere.

"Maana ukimtuma maji anakuletea na chai," ananiambia huku akicheka. "Kazi anaijua, sikatai. Ila lazima umshike mkono."

Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mjomba wake, fundi wa mikoba. Mikoba mingine minne ameipakata kama watoto walio safarini. Ameombwa mara kadhaa aiweke mezani, anajifanya hasikii.

Ana sababu zake. Miaka kadhaa iliyopita, Mama Pazia alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu zao, studio ikafungwa, yeye akabaki nyumbani akiangalia dari. Mjomba ndiye aliyemtoa. Alimletea mikoba yake ya kwanza na kumwambia, "Hebu nipigie hii, tuone kama watu wa mtandaoni nao wana macho."

Wakaonekana wanayo. Lakini mjomba ni mtu wa wasiwasi. Picha ikishapigwa tu, anazoa mikoba yake na kuondoka, mafundi wengine wasije wakamwibia mtindo. Hivyo mpwa akawa anasafisha picha bila kuwa na mkoba mbele yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mikoba ya mjomba hufungwa kwa kifundo cha ngozi kinachopita kwenye kitanzi. Siku moja, mkoba mmoja ulikuwa na doa la gundi kando ya kifundo.

"Nikazungushia doa, kidole kikateleza, kikachukua na kifundo," Mama Pazia anasimulia. "Nikaandika: safisha hapa. Loo! Kiherehere akasafisha kweli. Doa akatoa, kifundo akatoa, akaweka kibanio cha chuma kinang'aa hicho! Mkoba wenyewe sinao wa kulinganisha. Nikaona pamependeza, nikatuma."

Palipendeza mno. Oda zilimiminika. Kisha mteja wa kwanza akafungua mzigo wake na kupiga simu: "Kibanio changu kiko wapi?" Mikoba ikaanza kurudi mmoja baada ya mwingine, na huko mtandaoni mjomba akaitwa tapeli.

"Uliuza mkoba ambao sikuushona," mjomba anadakia, mara ya kwanza tangu aketi. "Tapeli! Mimi! Na mvi zote hizi!"

Mama Pazia anakubali kwa kichwa. Aliwapigia wateja wote simu akawaambia kosa ni lake, akaliandika pia kwenye ukurasa wa mjomba kila mtu asome. Halafu akajiwekea sharti, akalibandika ukutani: Bidhaa haitoki chumbani mpaka picha iishe. Baadhi ya wauzaji wanaompa kazi walisusa. Wengi wakarudi, na leo ana wateja wa kudumu zaidi ya thelathini.

Aliyebaki nje ni mjomba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msimu mzima hakuuza chochote mtandaoni, na karakana yake ikapoa. Leo amekuja kwa kusukumwa na dada yake, mama mzazi wa Mama Pazia, aliyemwambia kwamba panya watamaliza ngozi huku yeye na mpwa wake wakinuniana.

"Piga, halafu naondoka nayo," mjomba anasema.

"Hapana, mjomba. Mikoba isipokuwepo hapa, sigusi picha."

"Kumbe huniamini?"

"Wewe nakuamini. Mimi ndiye sijiamini mkoba ukishaondoka."

Mjomba anaguna. Mama Pazia anaendelea na kazi. Kwenye kioo cha kompyuta anazungushia vumbi kwenye mkanda, duara dogo kama punje ya dengu, anaandika: ondoa vumbi hapa tu. Vumbi linatoweka. Anazungushia unyuzi uliodondokea kitambaa cha meza. Nao unaondoka. Kisha anaunyanyua mkoba, anauweka ubavuni mwa kioo na kuupitia kwa sauti: "Kifundo, kipo. Kitanzi, kipo. Mfuko wa mbele, upo."

Mjomba amesogeza kiti bila kujua. Macho yake yanahama kutoka mkoba hadi kioo, yanarudi. Ghafla anauma mdomo.

"Huo mshono wa chini umepinda," anasema taratibu. "Macho yangu nayo! Basi mwambie huyo wako aunyooshe. Kidogo tu, nani atajua?"

Mama Pazia anaacha kazi, anamgeukia.

"Atajua atakayefungua mzigo, mjomba."

Mjomba anautazama tena mshono. Halafu mjomba anaangua kicheko kinachomtikisa mpaka mikoba inamponyoka mapajani.

"Ama kweli! Ningekuwa tapeli kwa mkono wangu mwenyewe!"

Anasaidiwa kuiokota, na katika kuokota huko Mama Pazia anaanza kumweleza mpango wake. Anataka chumba upande wa barabarani chenye dirisha kubwa. Ndani yake ataweka kabati refu, kila mteja na mlango wake, bidhaa zilale salama zikisubiri picha zao. Mbao ameshanunua, zimeegemea ukuta nyuma ya mlango.

"Hilo kabati litakuwa na kufuli?" mjomba anauliza.

"Litakuwa nayo. Ufunguo wa mlango wako utakaa mfukoni mwako."

Mjomba anazikagua zile mbao, anazigonga kwa kidole. Kisha anautia kwapani mkoba wenye mshono uliopinda.

"Huu naenda kuufumua, niushone upya. Nitaurudisha kesho." Mikoba minne iliyobaki anaipanga mezani, anaifuta kwa kiganja. "Hii ibaki."

Mlangoni anageuka. "Na huyo Kiherehere umwambie mikoba hii ina mwenyewe."

"Nimeshamwambia, mjomba."

Mama Pazia anasikiliza hatua zake mpaka zinapotelea nje. Macho yake yamelowa, wala hayafichi.

"Umeona?" ananiambia. "Ameiacha."

Analinyoosha pazia, anausogeza mkoba wa kwanza kwenye mwanga.